Vidole Vitano, Dakika Tano: Ninavyopiga Picha ya Ubongo Unaoendesha Mkono

Ukiniuliza kazi ngumu kuliko zote katika chumba chetu cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ni ipi, sitaitaja mashine. Kazi ngumu ni kumfundisha mtu mzima kupumzisha mkono. Kuchezesha vidole kila mtu anajua. Kuulaza mkono ukalala kweli, ukawa mzito kama mkono wa mtoto aliyeshikwa na usingizi mgongoni mwa mamake, wachache wanaweza bila mazoezi. Na picha yote inategemea hapo.

Mimi ni radiografa hapa Kisumu. Wagonjwa huniita daktari, nami huwaambia mimi si daktari, nao huendelea kuniita daktari. Siku nyingi napiga migongo, pamoja na magoti ya vijana walioanguka na boda boda. Lakini mara moja moja huja mtu mwenye uvimbe ubongoni, karibu na sehemu inayoendesha mkono, na mpasuaji anataka kujua kabla hajashika kisu: mkono wa huyu unaendeshwa kutoka wapi hasa? Hapo ndipo tunapiga picha ya ubongo ukiwa kazini. Haya nimewaandikia vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo, maana vitabu vyao vinaeleza mashine kurasa mia na mgonjwa nusu ukurasa.

Unachopima ni damu

Kwanza, toa kichwani wazo kwamba tunapiga picha ya fikira, au ya umeme unaopita kwenye neva. Tunapiga picha ya damu. Seli za ubongo zikianza kazi, mishipa midogo ya pale hutanuka na damu yenye oksijeni humiminika, tena nyingi kuliko seli zinavyohitaji. Sasa himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayosafirisha oksijeni, ikiwa imeibeba na ikiwa imekwisha kuishusha haifanani mbele ya sumaku. Linus Pauling na Charles Coryell walilionyesha hilo mwaka 1936. Iliyoshusha oksijeni huivuruga sumaku kandokando yake na kufifisha picha. Damu mpya ikija na kuisukuma mbali, mahali pale hung'aa kidogo. Seiji Ogawa alilieleza jambo hilo mwaka 1990 akitumia panya, na mwaka 1992 makundi kadhaa ya Marekani yakachapisha picha za kwanza za binadamu kwa njia hii. Kugonga vidole kulikuwa miongoni mwa kazi walizowapa watu wao. Mpaka leo hatujapata kazi iliyo rahisi kuishinda.

Lishike hilo neno "kidogo". Kwa sumaku ya tesla 1.5 kama yetu (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), mng'ao unaongezeka asilimia 1 hadi 3 hivi. Jicho haliuoni. Ndiyo sababu hatupigi picha moja. Tunapiga 100, nusu mkono ukicheza na nusu umelala, kisha kompyuta inatoa hizi kwa zile, na tofauti inayobaki ndiyo ramani yetu. Wanaouza omena, yaani dagaa, soko la Kibuye wanaijua hesabu hii. Ukitaka uzito wa omena iliyo ndani ya ndoo, lazima kwanza ujue uzito wa ndoo tupu. Kama hiyo ndoo unayoiita tupu ina maji chini, umejidanganya kabla hujaanza. Mapumziko ndiyo ndoo tupu. Mgonjwa akikaza mkono wakati wa kupumzika, ndoo ina maji.

Jambo la pili: damu haina haraka. Kidole kikianza kucheza, mng'ao huanza kupanda baada ya sekunde moja au mbili, hufika kileleni kwenye sekunde ya 5 au 6, na mkono ukisimama huchukua sekunde kumi na kitu kushuka. Kwa hiyo usimwambie mtu acheze sekunde 5, apumzike sekunde 5, ukatarajia ramani nzuri. Mimi hutumia sekunde 30 kwa 30. Mizunguko 5, jumla dakika 5, na mashine inapiga ubongo mzima kila sekunde 3.

Mlangoni

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa kila chumba cha MRI kina karatasi yake ya maswali. Kifaa cha kuendesha moyo, klipu ya zamani kwenye mshipa wa kichwa, risasi iliyobaki mwilini, uliza yote. Tesla 1.5 ni kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, na haizimwi usiku.

Ila kwa hapa kwetu niongeze mambo mawili. Mafundi wa jua kali wanaochomelea na kukata vyuma, waulize kuhusu macho. Usiulize "una chuma jichoni?" Atasema hapana. Uliza "umewahi kutolewa kitu jichoni, hospitali au na mwenzako pale kazini?" Hapo utasikia hadithi. Akisema ndiyo, anapigwa eksirei ya macho kabla ya kuvuka mlango huu. Jambo la pili ni nywele. Rasta na wigi huficha pini, na pini moja ndogo juu ya sikio hutoboa shimo jeusi kwenye picha mahali pale pale unapotaka kuona. Ninapapasa kichwa chote kwa vidole, mstari kwa mstari. Kina mama hucheka, wengine huniuliza nasuka kwa bei gani.

Uliza pia amekunywa nini. Kahawa na chai nzito hubana mishipa ya ubongo, na sisi tunaishi kwa kutanuka kwa mishipa hiyo hiyo. Mgonjwa wa asubuhi humwambia aje akiwa amekunywa maji tu.

Benchi

Nje ya chumba chetu kuna benchi la mbao. Picha yangu naipigia hapo. Mashine ni ya kuichapisha tu.

Nakaa kando ya mgonjwa, si mbele yake. Namwonyesha: dole gumba liguse cha shahada, kisha cha kati, cha pete, cha mwisho, halafu urudi mwanzo. Mguso mmoja au miwili kwa sekunde. Siyo kwa nguvu. Mguso wa kuhesabu noti, siyo wa kuponda tangawizi. Anayeenda pole namwacha aende pole, bora mwendo wake usibadilike. Anayetaka kunionyesha ufundi namtuliza.

Kisha mapumziko. Naweka kiganja changu chini ya kiganja chake na kumwambia anipe uzito wote wa mkono. Naondoa changu ghafla. Mkono ukianguka pajani, amepumzika. Ukibaki unaelea hewani, bado anaushikilia. Wengi hubaki wanaelea, na walimu ndio wanaoongoza. Sijui ni kwa nini. Nilimpata mmoja aliyesoma maelekezo yote, akajibu maswali yote, na ramani yake ikatoka tupu kabisa mkono wa kulia. Tulipozungumza baadaye aliniambia, kwa fahari, kwamba kila nilipomwambia atulie alivibana vidole pajani kwa nguvu zake zote visije vikacheza. Mkono wake haukupumzika hata sekunde moja. Kazi kutoa kazi ni sifuri. Kosa lilikuwa langu: nilimwambia "usisogeze". Siku hizi sisemi usisogeze. Nasema "uache ulale."

Tunarudia mpaka mkono uanguke mara tatu mfululizo. Dakika kumi, wakati mwingine robo saa. Ukiwa na foleni ya wagonjwa kumi utatamani kuruka hapa. Usiruke.

Halafu maneno. Ndani ya mashine kuna kelele za zaidi ya desibeli 100, na mgonjwa amezibwa masikio kwa vizibo na kufunikwa hedifoni juu yake. Anasikia vipande vya sauti yako tu. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia "gonga" na "ngoja". Sema maneno hayo mawili kwa sauti, mdomo ukiwa karibu na feni. Mama wa watu aligonga dakika tano mfululizo, akatoka amechoka, akaniambia, "Daktari, mbona hukunipumzisha?" Sasa nasema "vidole" na "basi". Moja lina silabi tatu, jingine mbili. Hata ukisikia nusu unajua ni lipi. Kwa wazee ambao Kiswahili chao ni cha sokoni, namwomba mtoto wao anichagulie maneno ya nyumbani, nami nayakariri hapo hapo benchini wakinicheka matamshi.

Mwisho, mwambie asihesabu kwa mdomo. Nitakueleza sababu.

Ndani

Mlaze chali, mto chini ya magoti. Viwiko navyo viwekee mito, mikono ikae ubavuni, kiganja kikielekea paja. Mkono usikae kifuani: ukicheza hapo unatikisa mbavu, na mbavu hutikisa shingo.

Kichwa ndicho adui. Kila chembe ya picha yetu, yaani vokseli, ina milimita 4 kila upande. Kichwa kikisogea milimita 2 au 3, chembe iliyokuwa ubongo inakuwa nusu maji ya ubongo, na mabadiliko hayo yanazidi mbali ile asilimia 1 hadi 3 tunayoitafuta. Kibaya zaidi ni kichwa kinachosogea pamoja na vidole. Kompyuta haina akili ya kujua. Inaona kitu kinachobadilika kila vidole vinapocheza na kukipaka rangi nyekundu. Utaona pete nyekundu kuzunguka ukingo wa ubongo. Ukiiona pete hiyo, tupa, rudia.

Kwa hiyo sponji pande zote mbili za kichwa, zibane bila kuumiza. Kisha nina hila moja ya bei rahisi: utepe wa karatasi wa kufungia bandeji, naupitisha juu ya paji la uso, ncha zake zikishika kingo za kishikio cha kichwa. Haumfungi. Ila akisogea hata kidogo ngozi inavutwa, naye anajisahihisha mwenyewe.

Kipira cha kuniitia: kila mgonjwa lazima awe nacho, na sitaki ubishi juu ya hilo. Lakini usimwekee ndani ya ngumi. Mwenye hofu atakishika kama mtu anayeshika chuma cha matatu, na ule mkono uliodhani umelala utakuwa kazini muda wote. Kilaze tumboni, mahali anapokifikia, na mjaribu mara mbili kabla ya kumwingiza.

Na usisahau kidonge. Kidonge cha mafuta ya samaki, cha duka lolote la dawa, kibandike kwa plasta pembeni mwa paji la uso, upande wa kulia. Mafuta hung'aa kwenye picha ya umbo la ubongo. Picha zetu huonyeshwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa, yaani kulia kwake kuko kushoto kwako, lakini programu nyingine huzigeuza, na faili zikihama kutoka kompyuta hadi kompyuta upande unaweza kupotea kimyakimya. Mimi nimewahi kupokea ramani ambayo mkono wa kulia uliwaka ubongo wa kulia. Nilijua kuna mtu amegeuza, kwa kuwa mkono wa kulia huendeshwa hasa na ubongo wa kushoto. Je, kama ningekuwa nimepiga mikono yote miwili kwa pamoja? Nisingejua kamwe. Tangu hapo hatoki mtu bila kidonge. Mji wenye ziwa, tunanunua mafuta ya samaki kutoka ng'ambo, basi.

Piga kwanza picha ya umbo, kisha ile ya kazi. Zile picha nne za mwanzo zitupe, sumaku ya mwili haijatulia bado. Anza na mapumziko. Mkono mmoja kwanza dakika tano, kisha mwingine. Wewe kaa dirishani, utazame mikono yake kwa macho yako, usitazame skrini. Andika kwenye karatasi kila anapochelewa kuanza au kusimama.

Umeme ukipotea katikati, jenereta itawaka, ila hizo dakika zako zimekwenda. Mtoe nje, mwache anyooshe shingo, muanze upya. Usiunganishe nusu mbili za siku mbaya.

Mguu wa fundi

Sasa yule mzee. Fundi wa nguo, alitoka upande wa Luanda, Vihiga, na mwanawe, mkono wa kulia ukianza kufa ganzi asubuhi. Mlangoni alitoa kastabini mfukoni, ile kofia ndogo ya chuma ya kidole, akaiweka kwenye bakuli letu pamoja na sarafu na funguo. Benchini alikuwa mwanafunzi bora niliyewahi kupata. Mkono ulianguka pajani mara ya kwanza kabisa.

Ramani ikatoka. Sehemu ya mkono ilikuwa imewaka vizuri, lakini juu kabisa, karibu na mstari unaogawa ubongo pande mbili, kulikuwa na doa jingine kubwa. Hapo kuna sehemu ya katikati inayosaidia kupanga miendo, ambayo huwaka kwa watu wengi wakichezesha vidole, nami nikadhani ndiyo hiyo. Haikuwa. Ilikuwa nyuma zaidi, mahali pa mguu.

Kumbuka ramani yenyewe. Tangu Fritsch na Hitzig walipotekenya ubongo wa mbwa kwa umeme huko Berlin mwaka 1870, watu walijua kuna ukanda unaoendesha misuli. Wilder Penfield na Edwin Boldrey wa Montreal, mwaka 1937, walichapisha mpangilio wake kwa binadamu, walioupata kwa kugusa ubongo wa wagonjwa walio macho wakati wa upasuaji: mguu juu, ukiingia kwenye ule ufa unaogawa ubongo pande mbili, mkono chini yake, uso na ulimi chini zaidi, karibu na sikio. Mkono na mdomo vina eneo kubwa kupita kiasi, mgongo una kipande tu.

Kwa hiyo mguu wa mzee ulikuwa unafanya nini? Nilimrudisha ndani, tukarudia, na safari hii sikutazama mikono. Nilitazama chini ya shuka. Nikasema "vidole". Vidole vikaanza, na papo hapo wayo wa kulia ukaanza kupanda na kushuka, kisigino, vidole, kisigino, polepole na sawasawa. Nikasema "basi". Vyote viwili vikasimama. Mzee alikuwa anakanyaga cherehani.

Nilipomwambia hakuamini. Mwanawe alicheka mpaka akatoka nje. Miaka mingi mkono wake wa kulia haujawahi kufanya kazi bila mguu kuusukuma, basi ubongo uliona ajabu gani? Nilimkunjia shuka nzito juu ya nyayo, nikamwomba abaki na uzito huo pale, na ramani ya tatu ikatoka na mkono peke yake.

Ndivyo nilivyojifunza kusoma makosa. Doa kwenye mguu: nenda katazame miguu. Doa chini, karibu na sikio: mgonjwa anahesabu kwa mdomo, au anaimba pambio. Mkono wa pili umewaka: yuko na kipira ngumini, au vidole vya mkono mwingine vinaigiza. Pete ukingoni: kichwa. Kila doa lisilo na haki ya kuwapo lina mwenyewe, naye amelala pale mezani.

Kuisoma ramani

Kabla hujatazama rangi, tafuta mahali pa mkono kwenye picha ya umbo, kwa macho. Shuka kutoka utosini kipande kwa kipande. Mbele ya mfereji mkuu wa katikati kuna mkunjo wenye kifundo kinachojitokeza kuelekea nyuma, umbo la herufi omega ya Kigiriki iliyopinduliwa. Hicho ndicho kifundo cha mkono. Yousry na wenzake walikieleza mwaka 1997. Ramani yako ya rangi ikikaa juu yake, umetulia. Ikikaa mbali, usikimbilie kusema ubongo wa huyu ni wa ajabu. Uvimbe unaweza kuwa umeusukuma, ndiyo, lakini kwanza angalia tena kichwa na kidonge. Nyuma kidogo ya mfereji patawaka pia, maana vidole vinavyogusana vinahisi. Na nyuma chini, kwenye ubongo mdogo, tarajia doa upande ule ule wa mkono, siyo upande wa pili. Nikiliona hilo hupata amani: upande uko sawa.

Kompyuta ya mashine inachora ramani yenyewe, lakini nakushauri ujifunze hatua kwa mkono. Programu za kuchambua picha hizi, SPM ya London na FSL ya Oxford, zinapatikana bila malipo kwa kujifunzia. Nyoosha mwendo wa kichwa, na usome grafu yake kabla ya yote. Lainisha kidogo. Linganisha kila vokseli na ratiba yako, ukikumbuka ule uchelewaji wa damu.

Halafu kizingiti, yaani kiwango ambacho vokseli ikikivuka ndipo hupakwa rangi. Hapa vijana wanapotea, kwa kuwa kuna kitufe cha kukishusha na ramani inazidi kupendeza. Ubongo mzima kwa vokseli zetu ni kama 20,000. Ukiruhusu bahati ya asilimia 5 kwa kila moja, vokseli 1,000 zitawaka bila sababu yoyote. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake kule Marekani walimweka samaki aina ya salmoni kwenye mashine, samaki mfu wa dukani, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu isiyorekebishwa ikasema sehemu ya ubongo wake inafanya kazi. Mimi huwaambia vijana wangu: ukishusha kizingiti vya kutosha, hata mbuta wa kukaanga pale Dunga atachezesha vidole.

Lakini kukipandisha mno nako ni kosa, hasa kando ya uvimbe. Mishipa ya pale mara nyingi haitanuki kama inavyopasa; seli zinafanya kazi na damu haisemi. Ramani ikiwa kimya karibu na uvimbe, usiandike "hakuna kazi hapa". Andika kwamba hapakuonekana mng'ao, na kwamba uvimbe uko karibu. Mpasuaji mzuri atagusa mwenyewe kwa umeme siku ya upasuaji, kama Penfield alivyofanya. Ramani yako inamwambia aanzie wapi.

Na mkono ambao umeshalegea, hauwezi kucheza? Usimrudishe mtu nyumbani. Mruhusu afinye sponji kama anaweza. Kama hawezi kabisa, msaidizi aliyepekuliwa kama mgonjwa mwenyewe anasimama mdomoni mwa mashine na kuvifungua na kuvikunja vidole vyake kwa ratiba ile ile. Ukanda wa hisia na wa mwendo huwaka hata hivyo, ingawa hafifu. Kwenye ripoti sema wazi kwamba mkono ulichezeshwa.

Mzee nilimwonyesha ramani yake kwenye skrini, naye akasogea karibu, miwani mkononi, akaniuliza, "Binti yangu, cha kastabini ni kipi hapo?" Nikamwambia siwezi kukitofautisha, kwa chembe za milimita 4 vidole vyote vinalaliana, naona mkono tu, tena mkono mzima. Akatazama kitambo. Halafu akaenda kwenye bakuli, akamwachia mwanawe sarafu na funguo, akachukua kastabini na kuivaa kidole cha kati.